Kitatua au Kitapita? Historia Fupi ya Swali la Kimbunga katika Lugha ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Ninaishukuru kamati ya mihadhara kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu jioni hii. Nilipoitaja mada yangu kwa mara ya kwanza, mwenzangu mmoja wa idara aliniuliza kwa utani mtu wa Usevya ana habari gani na kimbunga cha baharini. Swali lake ni la haki. Usevya iko katika eneo la Mpimbwe, upande wa Bonde la Rukwa, mkoani Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Kabla ya hapo sisi tulijulikana kuwa ni watu wa Mpanda. Kutoka kwetu hadi Bahari ya Hindi, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 800. Mimi mwenyewe niliiona bahari nikiwa nimekwisha kuota ndevu.

Hata hivyo, ni huko Usevya nilikojifunza swali ninalotaka kulijadili leo. Kwetu mvua huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwishoni mwa kiangazi mawingu hujikusanya upande wa ziwa na juu ya milima ya Ufipa, na mtu aliyesimama shambani huweza kuiona mvua kwa macho yake ikinyesha kwa wengine. Bibi yangu alikuwa akiuweka mpini wa jembe begani na kutazama. Hakujiuliza kama mvua ipo, kwa sababu aliiona. Alijiuliza jambo moja tu: itafika kwetu au itapita? Akipanda na mvua ikapita, mbegu zake huliwa na panya na ndege. Akingoja na mvua ikafika, wenzake humtangulia kwa majuma mawili, na majuma mawili katika msimu mmoja ni mengi. Hakuwa na namna ya kukwepa kuamua, kwani hata kungoja kulikuwa ni uamuzi.

Baharia wa Kilwa, mvuvi wa Mafia na mtaalamu wa hali ya hewa aliyeketi mbele ya picha za setilaiti hukabiliwa na swali lilelile. Kimbunga kipo na kinaonekana. Je, kitatua nchi kavu au kitapita? Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, historia ya vimbunga katika pwani yetu ina umbo lililoidhoofisha kumbukumbu ya lugha. Pili, maneno tunayoyatumia kutabiri yana historia zao, na historia hizo huingilia ujumbe bila sisi kujua. Tatu, Kiswahili kina zana za kutosha za kusema ukweli kuhusu jambo lisilo hakika, ila hatujazitumia ipasavyo.

2.0 Kimbunga na Njia Yake

Kabla ya kuingia katika lugha, inafaa tuelewe kwa nini swali lenyewe ni gumu. Kimbunga cha kitropiki hupata nguvu kutokana na maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi. Mvuke hupanda, hewa hukimbilia kujaza pengo, na mzunguko wa dunia huifanya hewa hiyo ijipinde. Katika nusu ya kusini ya dunia hujipinda kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Karibu kabisa na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni dhaifu mno, na ndiyo sababu vimbunga ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 za latitudo kila upande. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini, Mafia takriban 8, na Mtwara imepita kidogo nyuzi 10. Kwa maneno mengine, pwani ya Tanzania iko ukingoni mwa eneo la vimbunga. Hatumo ndani yake sawasawa, wala hatuko nje.

Aidha, kisiwa cha Madagaska, ambacho ncha yake ya kaskazini iko karibu na nyuzi 12, hutukinga kama ukuta. Vimbunga vingi vitokavyo mashariki hukipiga kisiwa hicho au hugeuka kuelekea kusini kabla ya kukifikia. Ili kimbunga kije kwetu, sharti kipite katika njia nyembamba iliyo kati ya Madagaska na ukanda wa Ikweta, kisha kisukumwe kuelekea magharibi na mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini yake. Mgandamizo huo ukilegea, kimbunga hugeuka. Pepo za juu zikienda mwelekeo mmoja na za chini mwelekeo mwingine, kimbunga hukatwa kichwa. Hewa kavu ikiingia tumboni mwake, hufifia.

Hebu tuangalie hesabu ndogo. Kimbunga kikiwa umbali wa kilomita 600 kutoka pwani, kosa la nyuzi 10 tu katika mwelekeo wake humaanisha tofauti ya takriban kilomita 100 mahali kitakapotua. Tofauti hiyo yatosha kukihamisha kutoka Mafia hadi karibu na Dar es Salaam. Sayansi imepiga hatua kubwa. Katika Bahari ya Atlantiki, ambako kumbukumbu za namna hii zimetunzwa kwa muda mrefu, kosa la wastani la utabiri wa siku tatu lilikuwa zaidi ya kilomita 500 katika miaka ya 1970, na sasa ni chini ya kilomita 200. Hayo ni mafanikio makubwa ya akili ya binadamu. Lakini ndani ya kilomita 200 kuna miji, visiwa, na hata mipaka ya nchi.

3.0 Miaka Mitatu: 1872, 1952 na 2024

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sultani wakati huo alikuwa Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Merikebu zake ziliangamia bandarini pamoja na majahazi mengi, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo hasara ile haikuweza kurudishwa kwa msimu mmoja. Wanahistoria wa uchumi wa Zanzibar, akiwemo Abdul Sheriff katika kitabu chake cha mwaka 1987, wamelipa tukio hilo nafasi yake: baada ya hapo Pemba ndiyo iliyokuja kuwa kisiwa cha karafuu. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Juni 1873, Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao. Mkataba huo ulitokana na shinikizo la Uingereza wala haukuletwa na upepo. Lakini mtawala aliyeketi mezani alikuwa ni mtu aliyepoteza meli zake na mikarafuu yake miezi 14 tu kabla.

Je, yupo aliyeweza kumwonya? Waya wa simu wa chini ya bahari uliifikia Zanzibar mwaka 1879, yaani miaka 7 baadaye. Mnamo 1872 Zanzibar haikuwa na waya wa kuiletea habari kwa kasi kuliko kimbunga chenyewe.

Tukio la pili ni la Aprili 1952, pale kimbunga kilipoipiga Lindi na kuua watu. Redio ilikuwepo, lakini setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa na Marekani tarehe 1 Aprili 1960. Kimbunga kilichopita mahali pasipo na meli wala kisiwa chenye kituo cha kupimia kiliweza kuja bila kuonekana.

Tukio la tatu wengi wenu mnalikumbuka. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifuatiliwa siku baada ya siku, na tarehe 4 Mei kiliifikia Mafia kikiwa kinapungua nguvu. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Mvua iliyoandamana nacho iliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Mwezi huohuo kimbunga kingine, Ialy, kilipita baharini mkabala wa pwani ya Kenya.

Sasa tupige hesabu ya miaka. Kati ya 1872 na 1952 ni miaka 80. Kati ya 1952 na 2024 ni miaka 72. Kila kipindi kinakaribia urefu wa maisha ya mtu mzee. Mtoto aliyeshuhudia mikarafuu ya Unguja ikianguka alikuwa amekwisha kufa, au amebakiwa na pumzi chache, Lindi ilipopigwa. Aliyekuwa mtu mzima Lindi mwaka 1952 hakuwepo tena kuwaeleza watu wa Mafia mwaka 2024. Hili ndilo umbo la historia nililolitaja awali. Balaa lijalo kila mwaka huipa lugha methali, nyimbo na miiko. Balaa lijalo kila baada ya maisha ya mtu mmoja halipati wa kulisimulia kwa aliyeko njiani kukutana nalo.

4.0 Majina ya Upepo

Jamii ya Waswahili iliujua upepo kwa undani ambao lugha chache zinao. Tuna kaskazi na kusi, matlai na umande, masika na vuli, kipupwe na demani. Manahodha walihesabu siku kwa Nairuzi, mwaka wa jua wenye miongo ya siku kumikumi, ili kujua lini bahari inafunguka na lini inafungwa. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa karne ya 15, aliandika kwa Kiarabu maarifa ya aina hiyo, yakiwemo ya njia za pwani yetu. Maarifa hayo yalikuwa utabiri wa msimu: yalimwambia nahodha ni wakati gani hatari inawezekana. Hayakukusudiwa kumwambia ni siku gani itamfika.

Hapa kuna jambo linalonivutia sana. Kipindi cha mpito kati ya kaskazi na kusi, pepo zinapobadilikabadilika, Waswahili wamekiita tanga mbili, au maleleji. Huangukia hasa Aprili. Tazameni tena tarehe zetu: Aprili 1872, Aprili 1952, mwanzo wa Mei 2024. Tutakapokuja kwenye Kenneth na Jobo, tutaona kuwa navyo ni vya Aprili. Lugha ilikuwa imelipa jina dirisha ambalo kimbunga hupitia, ingawa chenyewe kilikuwa mgeni wa nadra.

Ama majina ya kimbunga chenyewe, yamechanganyika. Tufani ni neno lililotufikia kupitia Kiarabu, na katika masikio ya Mwislamu haliachani na gharika ya Nabii Nuhu. Ni maji kabla ya kuwa upepo, na ni hukumu kabla ya kuwa hali ya hewa. Dhoruba, au dharuba, latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pigo. Chamchela na kisulisuli ni upepo uzungukao, hata ule mdogo unaobeba vumbi na majani makavu uwanjani. Watoto wa Usevya huukimbia na kuurushia mawe. Kimbunga nalo lilitumika kwa upepo wowote mkali wa kuzunguka, hadi taasisi na vyombo vya habari vilipolifanya istilahi ya kile ambacho wanasayansi wa Bahari ya Hindi huita saikloni. Neno hilo la kigeni nalo si la kale. Lilibuniwa huko Calcutta katika miaka ya 1840 na Henry Piddington, Mwingereza aliyechunguza dhoruba za Ghuba ya Bengali, akiliegemeza kwenye neno la Kigiriki linalohusu mviringo na kujikunja kwa nyoka.

Ninasisitiza nasaba hizi kwa sababu ya matokeo yake. Mtu wa bara anaposikia redioni kuwa kimbunga kinakuja, huenda akafikiri chamchela. Mtu wa pwani mcha Mungu akisikia tufani, huenda akafikiri Nuhu. Mmoja huona jambo dogo la kucheka, na mwingine huona jambo kubwa lisilozuilika. Wote wawili wanaweza kubaki nyumbani.

Na majina binafsi ya vimbunga? Katika upande wetu wa bahari hutolewa kutoka orodha iliyokubaliwa na nchi za ukanda huu kabla msimu haujaanza. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, hidaya ni zawadi, tena ya heshima. Mwaka 2024 tulitangaza kwa siku kadhaa kwamba zawadi iko njiani na kwamba watu wajihadhari nayo.

5.0 Utabiri, -ta-, Huenda na Labda

Tuje sasa kwenye kiini cha mada. Neno utabiri latokana na neno la Kiarabu linalohusu kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Mtabiri wa jadi alikuwa ni mtu aliyepewa kuona. Asemalo huwa au haliwi. Likiwa, yeye ni mkweli, na lisipokuwa, ni mwongo. Hakuna mtabiri wa ndoto aliyesema kwamba ndoto yako ina uwezekano wa wastani. Tulipoipa kazi ya mtaalamu wa hali ya hewa jina la utabiri, tulimrithisha kiti cha mwaguzi bila kumwuliza. Methali yetu ina busara zaidi kuliko istilahi yetu: dalili ya mvua ni mawingu. Neno muhimu humo ni dalili. Dalili huelekeza fikra bila kuapa.

Sarufi nayo ina mengi ya kusema. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba kiambishi cha wakati ujao, -ta-, kimetokana na kitenzi taka. Ushahidi wake mnaubeba vinywani kila siku: mnasema kitatua, lakini mkiweka kirejeshi mnasema kitakachotua, na hapo -taka- hujitokeza mzima. Kwa asili yake, basi, wakati ujao wa Kiswahili ulisimama juu ya nia. Sidai kwamba msikilizaji wa leo huisikia nia hiyo. Mabadiliko ya kisarufi huwa yamekwisha kuifuta. Nadai tu kwamba -ta- haitofautishi ahadi, uamuzi na makisio. Nitakuja kesho ni ahadi. Serikali itajenga daraja ni mpango. Kimbunga kitatua Mafia ni makisio. Sauti ni ileile moja, na msikilizaji hana budi kuzipa sentensi zote tatu uzito uleule.

Kinyume chake ni huenda. Neno hili ni kitenzi enda chenye kiambishi hu-. Kwa asili ni mwendo, na kwa matumizi ya leo ni shaka. Tena hufuatwa na -ka-, kiambishi cha matukio yanayofuatana: huenda kikageuka, huenda kikatua, huenda kikafifia. Ninaona hapa sarufi inayofaa kimbunga kuliko nyingine yoyote. Mwenye kusema kitatua anatangaza mwisho wa safari. Mwenye kusema huenda kikatua anaieleza safari ambayo ingali inaendelea, nayo ndiyo hali halisi ya kitu kilichoko kilomita 600 kutoka pwani.

Lipo neno jingine lenye historia ya ajabu, nalo ni labda. Wataalamu wa nasaba za maneno hulinasibisha na usemi wa Kiarabu wenye maana ya pasipo budi, yaani jambo ambalo halikwepeki. Katika safari yake ya kuja kwetu lilivua uhakika wote likavaa shaka. Ilhali budi, kutoka chimbuko hilohilo, lilibaki na ukali wake katika hapana budi. Lugha moja ilichukua mzizi mmoja ikaufanya uwe mlango wa shaka na mlango wa lazima. Sijapata mfano bora wa tatizo la mwenye kutabiri. Ndani ya kila labda yake kuna hapana budi inayomngoja mtu fulani: kimbunga ambacho kwetu ni labda, kwa mtu mmoja mahali fulani kitakuwa hapana budi.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kitenzi kinachopendwa na vyombo vya habari, tarajiwa. Kimbunga kinatarajiwa kuipiga pwani. Kutaraji kwa asili ni kuwa na tumaini. Tunasema hivyo kama watu wanaokingoja kwa hamu.

6.0 Mtwara na Ibo, Aprili 2019

Mabibi na mabwana, kufikia hapa nimezungumza kama mwanaisimu. Sasa niruhusuni nizungumze kama mtu aliyekosea.

Katikati ya Machi 2019 kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, nchini Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000 walifariki katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye Kenneth kikazuka kaskazini ya Madagaska. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa mikoa ya kusini. Nilikuwa Mtwara kwa kazi ya kutahini. Usiku wa tarehe 24 Aprili Kenneth kilipita karibu na Ngazija. Siku ya Alhamisi, tarehe 25, shule na ofisi za Mtwara zilifungwa na watu wakaelekezwa maeneo ya miinuko. Nami nilipanda na wengine, nikiwa na mkoba wa mitihani kifuani. Tulingoja. Upepo uliovuma ulikuwa wa kawaida. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Muungano, na utani ulikwisha kuanza: wataalamu wametukimbiza bure, kimbunga kimeogopa Wamakonde. Nilicheka pamoja na wengine. Nilisema mwenyewe, kwa kinywa hiki, kwamba hakikuja.

Kenneth kilikuwa kimetua jioni ya tarehe 25 katika jimbo la Cabo Delgado, kati ya Pemba ya Msumbiji na Mocímboa da Praia, chini ya kilomita 250 kutoka mahali nilipokuwa nikicheka. Miongoni mwa sehemu zilizoumizwa vibaya ilikuwa kisiwa cha Ibo. Huko ndiko kwa wasemaji wa Kimwani, lugha iliyo jirani mno na Kiswahili, na miaka mingi kabla ya hapo nilikwenda huko kukusanya maneno. Nilikaribishwa katika nyumba ya mzee mmoja aliyenivumilia kwa siku nyingi nikimwuliza majina ya samaki, ya kamba na ya pepo. Majina ya pepo alinipa mengi. Daftari hilo ningali nalo. Habari za Ibo ziliponifikia, kwamba sehemu kubwa ya nyumba zimebomoka, nilikumbuka kwamba nilitumia wakati ujao wote niliokaa naye kujifunza lugha yake, wala sikuwahi kumwuliza kama katika maisha yake aliona upepo usiokuwa na jina katika orodha yangu.

Hakikuja. Tuichunguze sentensi hiyo kama tunavyochunguza data. Nafsi iliyofichwa ndani yake ni kwetu. Hakikuja kwetu. Lugha ilinipa nafasi ya kuacha kijalizo hicho, nami nikaiacha, na kwa kuiacha nikawafuta watu waliofikiwa. Aidha, nilimhukumu mtaalamu kwa kipimo cha mwaguzi. Kwa kosa la kawaida la siku tatu, Mtwara ilikuwa ndani ya hatari kabisa. Kuwapandisha watu mlimani lilikuwa jambo sahihi, nalo lingebaki sahihi upepo ungeelekea kokote.

Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, kimbunga Jobo kilikuja kwa njia ya kaskazini ya Madagaska na kuelekea Dar es Salaam. Tahadhari ilitolewa, na Jobo kikafifia kabla ya kufika. Mara mbili watu walionywa, na mara mbili wakasema hakikuja. Kisha mwaka 2024 Hidaya kikaja. Hii ndiyo hatari ninayotaka wanafunzi wangu waione. Onyo lisilotimia hugharimu siku moja ya kazi. Likisimuliwa vibaya, hugharimu imani katika onyo linalofuata, na gharama hiyo hulipwa na mtu mwingine.

Hata Hidaya kilitufundisha jambo la lugha. Ilipotangazwa kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, kauli hiyo ilikuwa ya kweli kuhusu upepo. Haikuwa kauli kuhusu maji. Barabara ya Somanga ilikatwa na maji.

7.0 Hitimisho

Je, tufanye nini? Siombi istilahi mpya kwa wingi. Tuna desturi ya kuzaa istilahi na kuzitelekeza makabatini. Naomba tutumie vizuri tulivyonavyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa taarifa zake za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na kwa kutenganisha uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, imekwisha kuanza kujenga rejista mpya ya Kiswahili. Hiyo ni kazi ya kiisimu ya hali ya juu, inayofanywa na wanafizikia, huku sisi wanaisimu tukiwa hatumo chumbani. Inapasa tuwemo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kwenda Mafia, Kilwa na Mtwara kuwauliza watu walielewa nini waliposikia uwezekano wa wastani. Mwingine anaweza kulinganisha Kimwani, Kingazija na lahaja zetu katika kueleza shaka. Yote yanafaa kuandikwa sasa, waliokuwa Mafia mwaka 2024 wangali hai, ili pengo la miaka 70 au 80 lisituvunjie kumbukumbu kwa mara ya tatu.

Nilianza Usevya, na nirudi Usevya. Wataalamu wametufundisha kwamba kimbunga kilichoko mbali, kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, huweza kuzivuta pepo zenye unyevu kutoka Kongo na kuzipitisha juu ya magharibi ya nchi yetu. Huenda basi baadhi ya mawingu aliyoyatazama bibi yangu yalikuwa yakivutwa na kitu kilichokuwa kikiwatisha watu wa pwani ambao hakupata kuwaona. Yeye alikuwa na utaratibu wake. Mawingu yakionekana alipanda nusu ya shamba na nusu akaiacha. Mvua ikifika, alikuwa amepata. Ikipita, hakuwa amepoteza yote. Na ilipopita, sikumsikia akisema kwamba haikuja. Alikuwa akitaja kijiji ilikokwenda kunyesha.